Machela Haibebi Uzee

Anatolia alirudi kutoka Bukoba na habari mbili, zote mbaya, akaanza na ile ambayo mtu angeweza kuicheka.

“Mae, Elieza amekataa kuja. Anasema atarudi Ijumbi siku utakapokwenda kumchukua wewe mwenyewe.”

Ma Kokubanza alikuwa mlangoni, ameketi juu ya kigoda chake. Kigoda hicho ndicho kilichokuwa gari lake. Akitaka kutoka kitandani kwenda jikoni alikishika kwa mikono miwili, akakisukuma mbele kidogo, akajivuta kukifuata, akakalia, akapumzika, akaanza upya. Ungeweza kumsalimia akitoka chumbani, ukaenda mtoni kuchota maji, ukarudi na kumkuta bado anatoka. Umri wake hakuna aliyeujua. Mwenyewe alisema tu kwamba Wajerumani walipofukuzwa, alikuwa tayari ana mtoto mgongoni.

“Alisemaje hasa?”

“Alicheka, Mae. Akasema, ‘Mwambie Mae aje, nami nitapanda basi siku hiyohiyo.’ Ndivyo alivyo. Hawezi kusema hapana kama watu wengine.”

“Na habari ya pili?”

Anatolia alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunjua. Alikuwa mke wa marehemu Yoeli, kaka yake Elieza, na tangu ujane wake yeye ndiye aliyekuwa miguu ya nyumba hii.

“Hospitali wamemtoa. Wamesema apelekwe kwao. Mwenye nyumba hataki afie chumbani mwake. Amekwisha, Mae. Ukimshika mkono unashika kuni.”

Ugonjwa wenyewe kule kwetu uliitwa Juliana, jina la yale mashati ya magendo kutoka Uganda, maana walioanza kuyavaa ndio walioanza kukonda. Elieza alikuwa nayo mashati hayo sanduku zima. Alikuwa mtu wa kuingia baa akaagizia hata wasiomjua.

Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa asiyesoma. Mtu hai anatoka Bukoba hadi Muleba kwa nauli ya basi. Maiti inatoka kwa gari la kukodi, na gari la kukodi lingemeza kahawa ya miaka kadhaa, kahawa ambayo hata haikuwa mtini. Elieza akifia mjini angezikwa na watu wa mji, kwenye makaburi ya wasio na kwao, yeye mwenye kibanja, shamba la nyumbani, na babake amelala chini ya migomba.

“Yoeli sikumzika,” alisema Ma Kokubanza.

Yoeli alikuwa dereva wa lori. Vita ya Uganda ilipoanza lori lilichukuliwa kubeba askari, naye akiwa kwenye usukani, na tangu siku hiyo halikurudi hata tairi.

“Huyu nitamzika. Amesema nikienda anakuja?”

“Alikuwa anatania, Mae!”

“Mimi sitanii. Nenda kwa Ta Karugendo, mwambie nataka machela.”

*

Ta Karugendo alikuwa mkubwa wa chama cha machela. Kila nyumba ya Ijumbi ilikuwa mwanachama, na kila mwanaume mwenye bega alilitoa lilipohitajika. Zamani ilikuwa kazi ya mara mojamoja. Miaka hii mabega yalikuwa na sugu kama nyayo, na vijana walikuwa wakibeba na kubebwa kwa zamu.

“Anaumwa nini?” aliuliza Karugendo.

“Haumwi. Anataka kufika barabarani, Muleba, apande basi.”

“Anatolia, mwanangu. Machela inabeba anayekufa, inabeba anayezaa, inabeba aliyekufa. Haibebi uzee. Nikimbeba mama mkwe wako leo, kesho wazee wote wa Ijumbi watataka kwenda kutembea mjini.”

“Anamfuata Elieza.”

“Elieza mwache aje. Akifika Muleba tutampokea, huyo anastahili.” Hapo alishusha sauti. “Nina wagonjwa watatu mlimani wanangoja, wote wadogo kwangu. Niwaambie wangoje bibi kizee apite?”

Anatolia alirudi na jibu hilo. Ma Kokubanza alilisikiliza mpaka mwisho, akatafuna midomo yake kidogo.

“Basi nakufa,” alisema.

“Mae!”

“Nadanganya? Kuna kazi gani nyingine iliyobaki kwangu? Nenda ukawaambie nimeanza.”

Alianza kesho yake asubuhi, na aliifanya vizuri kuliko wengi wanaoifanya kweli. Alilala chali, akaacha mdomo wazi, akawa anavuta pumzi kwa mikupuo. Mwinjilisti Gamaliel alikuja mbio na Biblia yake, akapiga magoti, akaomba sala ndefu. Kisha akainama sikioni.

“Ma Kokubanza, umewasamehe wote?”

“Wote,” alijibu mgonjwa kwa sauti ya mbali. “Isipokuwa Karugendo.”

Habari hiyo ilimfikia Karugendo kabla umande haujakauka. Hakuna mtu mwenye akili Ijumbi anayetaka kubaki duniani na kinyongo cha mzee aliyekufa. Machela ikaja.

*

Njiani watu walitua mizigo na kusimama pembeni, wakavua kofia. Ma Kokubanza alikuwa amefunikwa hadi kidevuni, macho amefumba, na kwa muda alifurahi. Hakuwa ameiona njia hii kwa miaka mingi, na ingawa hakuiona leo vilevile, aliijua kwa pua: kahawa iliyoanikwa, ndizi mbivu, kisha upepo mkavu wa nyasi walipotoka kwenye vibanja.

“Mwepesi,” alisema mbebaji wa mbele.

“Aanze uzito wapi?” Huyo alikuwa Mushumbusi, kijana wa jirani, aliyekuwa nyuma kichwani kwake. “Huyu alianza kufa kabla hatujazaliwa, akaacha.”

Wakacheka kidogo, cheko la watu wenye mzigo.

“Watoto aliozaa wote wameisha,” Mushumbusi aliendelea. “Mtu anafikaje umri huu huku watoto wake wanakatika katikati? Miaka inatoka wapi? Mimi sisemi kitu. Nauliza tu miaka inatoka wapi.”

“Nyamaza, anasikia.”

“Anasikia nini? Huyu yuko mlangoni.”

Anatolia, aliyekuwa akitembea nyuma na kifurushi, aliona kope za mama mkwe wake zikitetemeka, na chozi moja likatoka, likashuka hadi sikioni. Ma Kokubanza hakulifuta. Maiti mtarajiwa hafuti machozi.

*

Muleba, basi kutoka Biharamulo lilikuwa limesimama, injini ikinguruma. Kondakta alipoona machela inakuja aliruka chini na kuweka mikono yote miwili mlangoni.

“Hapana! Hapana, wazee wangu. Wiki jana mmoja amenifia hapo kiti cha nyuma. Polisi wameniweka siku nzima, abiria wakashuka wakadai nauli zao. Anayekufa akodi gari.”

“Hafi,” alisema Anatolia.

“Hafi, na amebebwa na wanaume wanne?”

Ndipo Ma Kokubanza akaketi.

Aliketi wima juu ya machela, akatupa shuka, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa. “Sifi,” alisema. “Mimi ni mzee tu. Niteremsheni.”

Wanaume waliteremsha machela kama walioshika moto. Mmoja alipiga hatua kadhaa nyuma. Ta Karugendo, aliyekuwa amewafuata ili asamehewe njiani, alisimama mdomo wazi.

“Ma Kokubanza! Umetudanganya?”

“Ungenileta kama ningesema kweli?”

“Tumeacha wagonjwa! Kuna mke wa mtu ana uchungu tangu jana, anangoja machela hii! Mwinjilisti amekuombea! Mimi mwenyewe…” Alishindwa kumalizia alichofanya yeye mwenyewe. “Sawa. Nyumba yako imefungiwa. Mpaka mlete mbuzi na mtungi wa pombe mbele ya chama, hakuna bega la Ijumbi litakalobeba mtu wa kwako. Hai wala maiti.”

Aliposikia habari ya yule mama mwenye uchungu, Ma Kokubanza aliacha kubishana. Alitazama chini. Wanaume walikunja machela yao wakaondoka haraka, karibu wanakimbia.

“Haya, bibi,” alisema kondakta, ambaye sasa alikuwa anafurahia asubuhi yake. “Kama mzima, panda mwenyewe. Nione.”

Ngazi za basi zilikuwa tatu, ya kwanza juu ya goti lake. Anatolia alitaka kumshika, kondakta akamzuia kwa mkono. Ma Kokubanza alishika chuma cha mlango. Mguu haukunyanyuka. Basi akaweka magoti kwenye ngazi ya kwanza, kisha viganja kwenye ya pili, akapanda kama mtoto apandavyo kitanda cha wazazi, matako nyuma, gauni limepanda, basi zima likitazama. Mtu mmoja alipiga makofi. Alipofika juu alikaa sakafuni akihema.

“Nauli anatoa mkwe wangu,” alisema.

*

Kutoka stendi ya Bukoba hadi Hamugembe, alikopanga Elieza, Anatolia alimbeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Watoto wa mjini waliwafuata wakipiga kelele, “Mtoto ana mvi! Mtoto ana mvi!” Anatolia alikuwa analia kwa hasira. Ma Kokubanza, kidevu begani mwa mkwewe, aliwajibu wale watoto kwa Kihaya maneno ambayo mwinjilisti Gamaliel hangependa kuyasikia.

Elieza alikuwa amelala kitandani kando ya ukuta, blanketi hadi shingoni. Alimtazama Anatolia akimfungua mzigo wake mlangoni.

“Nani huyo?”

“Aliyekuzaa,” alisema Ma Kokubanza. “Vaa viatu.”

Elieza alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamchukua muda mrefu. Alipopata pumzi, macho yalikuwa yamejaa maji.

“Mae, nilikuwa natania.”

“Najua. Na mimi nimekuja.”

Mama yake alijiburuta hadi kitandani, akamshika mguu juu ya blanketi. Aliutafuta kwanza, maana ulikuwa mdogo kuliko alivyoutazamia.

“Siwezi, Mae. Nitapitaje Muleba? Wale niliowanywesha bia waje kunitazama hivi? Nitashukaje kwenye basi? Heri hapa, hakuna anayenijua.”

“Watakutazama. Watatazama, watachoka, watakwenda kula. Mimi leo asubuhi nilisemwa nawala watoto wangu, nikiwa nasikia. Kisha nimepanda basi kwa magoti. Unaniona nimepungua?”

Elieza alivuta blanketi hadi kidevuni.

“Yoeli sijui amelala wapi,” alisema mama yake. “Mvua ikinyesha huwa nasema, mtoto yule analowa. Kila mvua. Mvua za Ijumbi unazijua zilivyo nyingi. Wewe unataka niwe na wawili wa kuwawazia?”

Kulikuwa na redio kwa jirani, mtu anatangaza bei za kahawa. Elieza aligeuza uso ukutani. Alikaa hivyo mpaka matangazo yakaisha.

“Hawatanichukua,” alisema mwishowe. “Kondakta akiniona hivi hanichukui.”

“Huo ndio mdomo wa mtu anayekwenda,” alisema Ma Kokubanza. “Anatolia, fungua sanduku.”

Kulipopambazuka walimvalisha mashati matatu ya Juliana, moja juu ya jingine, na koti juu yake, mpaka akawa na kifua. Walimvika kofia kuficha nywele zilizonyonyoka. Viatu vyake vya ngozi, vilivyokuwa vikipiga kelele lami nzima ya Bukoba, Anatolia alivijaza matambara ili visidondoke.

“Nimependeza?” aliuliza Elieza.

“Unanuka pombe?” aliuliza mama yake.

“Mae, mimi pombe sijaigusa tangu Pasaka.”

“Basi leo utaigusa.”

*

Kondakta alikuwa yuleyule. “Bibi umerudi! Na huyu naye ni mzee tu?”

“Huyu ni mlevi,” alisema Ma Kokubanza kwa sauti ambayo dereva aliisikia. “Umri huu nafunga safari kuja kumtoa mwanangu kilabuni. Ona! Asubuhi yote hii!”

Harufu ya pombe waliyoimwaga kwenye koti ilimthibitishia. Abiria walicheka. Elieza, kichwa kikining’inia begani mwa Anatolia, aliinua mkono na kuimba mstari mmoja wa wimbo wa harusi, vibaya sana. Basi likacheka zaidi. Kondakta mwenyewe akamshika kiunoni akampandisha, na ndipo cheko lake likapungua kidogo, maana mikono yake iliona kilichokuwa chini ya mashati. Alimtazama bibi. Bibi alimtazama yeye.

“Akinifia?”

“Hatakufia.”

“Bibi, nina watoto.”

“Nami nina huyu.”

Kondakta alifunga mlango. Mpaka Kemondo hakuwageukia tena, na abiria walikuwa bado wanatoa ushauri: apewe supu, apewe mke, apelekwe kwa mchungaji. Mama mmoja wa Kilutheri alimwambia Ma Kokubanza kwamba malezi ndiyo kila kitu. Ma Kokubanza akamwambia, kweli kabisa, mwanangu, na chini ya kitenge alikuwa ameshika mkono wa mwanawe, akiufuata mshipa kwa kidole gumba.

*

Muleba walishushwa kando ya soko. Elieza hakuweza kusimama. Walimkalisha ameegemea ukuta wa duka. Hakukuwa na machela. Mushumbusi, ambaye alikuwa amekuja kuuza ndizi, aliwaona, akasogea polepole, akasimama mbali kidogo.

“Mushumbusi mwanangu, kamwite Karugendo,” alisema Anatolia. “Huyu si mchezo. Mtazame.”

“Namwona.” Aliangalia ardhi. “Wanaume wamekata shauri. Mbuzi na mtungi kwanza. Yule mama alizalia njiani, Anatolia, mgongoni mwa mumewe. Mtoto hakuishi. Nani atamwambia mume wake abebe mtu wa nyumba yenu?”

Ma Kokubanza alifunika mdomo kwa kiganja.

“Kweli,” alisema. “Ana haki.”

Mushumbusi alingoja matusi, hayakuja, akaondoka.

Baiskeli waliipata kwa Kija, Msukuma aliyekuwa akileta samaki wakavu kutoka visiwani. Tenga lake lilikuwa tupu na alikuwa anataka kurudi ziwani kabla ya giza.

“Ijumbi ni mlima,” alisema. “Samaki wangu hawalalamiki, lakini huyu naona hata kukaa hawezi.”

“Atafungwa kamba. Mimi namshika nyuma,” alisema Anatolia.

“Na malipo?”

Elieza alifungua macho. “Chukua viatu,” alisema. “Ni vya Kampala. Safari ya kutembea mimi nimemaliza.”

Kija alivitazama viatu, akamtazama mwenyewe, akaona haya. Lakini alivichukua. Alitandika gunia juu ya keria, wakampandisha Elieza na kumfunga kiunoni, kichwa kikilala mgongoni mwa yule muuza samaki.

Ndipo Anatolia akagundua alichokuwa hajakipigia hesabu. Baiskeli ilikuwa moja. Mgongo wake ulikuwa mmoja, na yeye alihitajika kumshikilia Elieza.

“Mae, nitarudi kukuchukua.”

“Utarudi umwachie nani? Nendeni. Ninakuja.”

“Kwa miguu gani, Mae? Unakuja kwa nini?”

“Kwa barabara. Nenda!”

“Nitakungoja,” alisema Elieza, bila kuinua kichwa.

“Usiningoje,” alisema mama yake. Alimrekebishia kofia. “Ukifika, fika.”

*

Mtu alimpa fimbo. Kwa fimbo na ukuta alilimaliza soko. Kwa fimbo na miti ya kahawa ya watu aliifikia njia ya Ijumbi. Goti la kushoto lilikataa mapema, akawa analivuta. Pasipokuwa na cha kushika alikaa chini, akasogea kwa viganja na matako, gauni likikusanya vumbi. Wanafunzi waliokuwa wanatoka shule walimsalimia na kumpita, wakageuka kumtazama. Mwanaume mwenye mbuzi alimwuliza anakwenda wapi.

“Nyumbani.”

“Utafika lini, Mae?”

“Ningejua ningekuambia.”

Jua lilikuwa limeanza kulegea aliposikia kilio. Kilitoka mbele, upande wa mlima, sauti moja ya mwanamke kwanza, kisha ya pili ikaipokea, kisha vibanja vyote vikaanza kupokezana. Ma Kokubanza aliacha kusogea. Alikaa katikati ya njia na kuinua shingo. Kilio chenyewe alikuwa anakitarajia. Alitaka kujua kimeanzia wapi. Kama kilianzia njiani, basi mwanawe alikuwa amefia kwenye baiskeli, juu ya gunia la samaki, mbele ya kibanja cha watu. Lakini upepo ulikuwa unazungusha sauti, na masikio yake yalikuwa ya zamani.

Mwanamke mmoja alichepuka kutoka shambani, mkungu wa ndizi kichwani, anakwenda mbio upande wa kilio. Hakuwa mtu wa Ijumbi; sura yake Ma Kokubanza hakuijua.

“Mwanangu! Simama. Wanalia wapi?”

“Kwa Ma Kokubanza, waitu, Mae. Yule bibi kizee. Walimbeba machela jana, wakasema amepona, kumbe wapi. Leo amekwenda.”

“Wewe umejuaje ni kwake?”

“Nimemkuta mtoto ametoka hukohuko. Wanalia ndani kabisa, chumbani kwake, kitandani.”

“Si njiani?”

“Njiani afanye nini, mzee yule? Kitandani, waitu.”

Ma Kokubanza alifumba macho. Yule mwanamke alidhani bibi huyu wa njiani alikuwa rafiki wa marehemu.

“Pole, Mae. Mlijuana?”

“Kidogo.”

“Wanasema alikuwa mkaidi.”

“Sana,” alisema Ma Kokubanza. Alipangusa vumbi viganjani, akamnyooshea mkono. “Unakwenda kuzika?”

“Nakwenda.”

“Basi ninyanyue, mwanangu, twende wote. Tembea polepole. Hawawezi kuzika kabla sijafika.”